Mhusika wa Kuazima: Uchambuzi wa Wahusika wa Michezo ya Video kwa Jicho la Mwandishi Shabiki



1.0 Utangulizi

Mwaka 2012 nilikuwa mmoja wa waamuzi wa shindano dogo la hadithi fupi za wanafunzi wa sekondari katika Nyanda za Juu Kusini. Miongoni mwa miswada niliyopewa kuisoma ulikuwamo mmoja kutoka Tunduma, mji ambao wakati ule ulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Mswada ule uliandikwa kwa mkono katika kurasa zilizochanwa kwenye daftari. Ulisimulia habari za mwanamume anayesukuma toroli la mizigo kati ya Tunduma na Nakonde, ambaye siku moja anapatwa na maradhi yanayomnyima hiari yake na kumfanya awe jini anayetii amri za watu asiowajua. Wageni wawili wenye bunduki wanaingia mjini. Wao wanaona jini tu, na wanampiga risasi. Hadithi yote ilisimuliwa na huyo mwenye toroli.

Nilipofika ukurasa wa tatu, mwamuzi mwenzangu, aliye kijana kuliko mimi, alinidokeza kwamba wale wageni wawili na maradhi yale vilitoka katika mchezo wa video. Sikuuliza zaidi. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Wahusika si wako," nikauweka mswada kando.

Juma lile lile nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza riwaya za Muhammed Said Abdulla, na nilikuwa nikimsifu kwa namna alivyompokea mpelelezi wa Kiingereza na kumfanya kuwa Mzanzibari. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba sifa niliyoitoa darasani na hukumu niliyoiandika kwa wino mwekundu haziwezi kukaa pamoja katika kichwa cha mtu mmoja. Ama nilikosea darasani, ama nilikosea mezani.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha nilipokosea. Nitaanza kwa kufafanua istilahi, kisha nitapitia kwa ufupi jadi ya mhusika wa kuazima katika fasihi ya Kiswahili. Baada ya hapo nitapendekeza njia ya kuwachambua wahusika wa michezo ya video kwa kutumia sarufi ya lugha yetu wenyewe, na nitaijaribu njia hiyo kwa mfano wa mchezo mmoja ambao Kiswahili kimo ndani yake. Mwisho nitataja mipaka ya jambo lenyewe.

2.0 Istilahi

Kazi ninayoizungumzia ni hadithi ambayo mtu aliyeipenda kazi fulani, iwe kitabu, filamu au mchezo, huitunga kwa kutumia wahusika au ulimwengu wa kazi hiyo, kwa kawaida bila kutaraji malipo. Katika mhadhara huu nitaiita bunilizi ya shabiki, na mtungaji wake nitamwita mwandishi shabiki. Neno shabiki tunalo katika mpira na katika muziki, na linabeba maana tunayoihitaji: mtu asiye mwenye timu, lakini ambaye timu ikifungwa hapati usingizi.

Desturi hii katika sura yake ya sasa huhusishwa sana na wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek nchini Marekani, ambao mwaka 1967 walitoa jarida lao la mashabiki lililoitwa Spockanalia. Intaneti ilipoenea, maskani ya kazi hizi yalihamia huko. FanFiction.Net ilianzishwa mwaka 1998 na Archive of Our Own ikafunguliwa kwa umma mwaka 2009. Mwaka 2019 hifadhi hii ya pili ilitunukiwa tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za bunilizi za kisayansi duniani. Hata hivyo, tukidhani kwamba tabia yenyewe ilizaliwa mwaka 1967, tutakuwa tumeisahau fasihi simulizi.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua vyema istilahi ya fanani na hadhira. Katika fasihi simulizi, mpaka baina ya wawili hao si ukuta. Aliyesikia hadithi ya Sungura jana usiku ndiye atakayeisimulia kesho kwa wadogo zake, na hakuna anayemuuliza kibali kilipo. Mwandishi shabiki ni mwanahadhira aliyechukua nafasi ya fanani. Kilicho kipya ni kwamba kazi anayoipokea imetoka kiwandani, ina mwenyewe kisheria, na imemfikia kwa skrini.

3.0 Mhusika wa kuazima katika jadi yetu

Tuitazame mifano minne.

Wa kwanza ni Abunuwasi. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Mtu huyo alipofika katika masimulizi ya pwani yetu, ushairi wake uliachwa njiani, na kilichobaki ni mjanja anayewashinda wenye mamlaka kwa akili. Wasimulizi wetu walichukua jina na sifa moja, wakajenga mtu mwingine.

Wa pili ni Fumo Liyongo. Utendi maarufu wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 haukumvumbua Liyongo. Masimulizi yalikuwapo, na kila msikilizaji alijua kwamba shujaa huyo angeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Sifa ya mtunzi haikuwa katika kuleta habari mpya. Ilikuwa katika namna ya kuzipanga habari ambazo hadhira inazo tayari.

Wa tatu ni Shaaban Robert. Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, kimejengwa juu ya kisa kimoja cha Alfu Lela U Lela. Majina yamebadilishwa yakawa majina ya tabia, na kisa kimeelekezwa kwenye maadili aliyoyahubiri mwandishi. Sijapata kumsikia mwalimu yeyote akimwandikia Shaaban Robert kwa wino mwekundu kwamba wahusika si wake.

Wa nne, na ulio karibu zaidi na mada yetu, ni Bwana Msa. Arthur Conan Doyle alimtoa Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo tunamkuta mpelelezi mwenye kiko, mwenye macho makali, akifuatana na rafiki yake Najum kama vile Holmes afuatanavyo na Watson. Mfanano huo umeelezwa na wahakiki wengi, na si siri. Lakini angalia anachokifanya mwandishi. Katika riwaya hiyo ya kwanza, Msa anakabiliwa na kisa ambacho watu wanakihusisha na mzimu, naye anautafuta mkono wa binadamu. Mbinu ya mpelelezi wa London inatumika kulijibu swali la Zanzibar. Holmes hakuwahi kuulizwa swali hilo kwa namna hiyo. Ndiyo maana Msa anasimama kwa miguu yake mwenyewe.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni moja: katika jadi yetu mhusika wa kuazima hahukumiwi kwa alikotoka. Huhukumiwa kwa swali analoulizwa anapofika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na ni kweli kwa yule anayeivaa jinsi alivyoipewa. Fundi anayeipunguza mikono na kuitia kiraka amekwisha kuifanya nguo nyingine.

Hapa inafaa pia kuwakumbuka wasimulizi wa filamu, mfano wa Lufufu wa Dar es Salaam, ambao sauti zao zilisikika katika vibanda vya video nchini kote, Tunduma ikiwamo. Msimulizi hakufasiri tu maneno ya filamu ya Hong Kong au ya Marekani. Alimweleza mhusika, alimtania, alimpa sababu ambazo filamu haikuzitaja. Vijana waliokulia katika vibanda hivyo walijifunza mapema kwamba mhusika wa kigeni anaweza kuongezewa maneno.

4.0 Sarufi ya mhusika wa mchezo

Mhusika wa riwaya huundwa kwa maneno. Mhusika wa mchezo wa video huundwa kwa maneno, kwa picha, kwa sauti na, zaidi ya yote, kwa kanuni: anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini. Nadharia nyingi za uhusika tunazozifundisha, za mhusika bapa na mhusika duara, hazikuwa na haja ya kulifikiria jambo hili la mwisho. Je, tuanze wapi?

Napendekeza tuanze kwa kuwasikiliza wachezaji. Nimekaa mara kadhaa katika vibanda vya gemu vya Tunduma, jirani na barabara kuu iendayo Zambia, ambako vijana hulipia muda wa kucheza huku malori yakisubiri zamu ya kuvuka. Nilichokisikia ni aina tatu za vitenzi, na kila aina hufunua tabaka moja la mhusika.

4.1 Tabaka la hu-

Kijana anayemfundisha mwenzake husema: "Huyu hupiga akikaribiwa. Yule hukimbia akiona moto." Kiambishi hu- cha mazoea hakina njeo wala hakichukui nafsi. Hueleza tabia isiyofungwa na wakati. Hivyo ndivyo mhusika alivyo katika programu: mkusanyiko wa mazoea. Mchambuzi anapaswa kuorodhesha mazoea haya kwanza, kwa sababu ni ushahidi wa tabia ulio imara kuliko mazungumzo. Mhusika anayeambiwa kuwa ni jasiri katika maelezo, lakini ambaye kanuni zinamfanya ajifiche kila asikiapo mlio, ana mgongano ndani yake, na mgongano huo ni mali kwa mwandishi shabiki.

4.2 Tabaka la -li- na -ka-

Mchezaji akisimulia kisa cha mchezo, husema: "Alifika kijijini, akamkuta mwenzake, wakaingia mgodini." Hili ni tabaka la ploti, lile ambalo waandishi wa mchezo wamelipanga na ambalo mchezaji hawezi kulibadilisha. Linafanana na riwaya, na nadharia zetu za kawaida zinalitosheleza.

4.3 Tabaka la ni-

Lakini wakati mchezo unaendelea, kijana yule yule husema: "Nimekufa!" Hasemi, "Amekufa." Mhusika aliyeanguka kwenye skrini ni mwanajeshi wa Kimarekani mwenye jina na historia yake, naye aliyetamka ni kijana wa Tunduma aliyekaa kwenye benchi akiwa mzima. Nafsi ya kwanza imemeza nafsi ya tatu. Wakicheza wawili kwa pamoja, katika michezo ambayo kifo cha mmoja huwamaliza wote, nimesikia "Tumekufa," pamoja na lawama: "Umetuua."

Msomaji wa riwaya humhurumia mhusika, lakini hasemi "nimekufa" mhusika akifa. Kwa hiyo mwandishi anayetoka katika mchezo kuja kwenye karatasi anabeba uzoefu ambao msomaji wa riwaya hana: amekuwa mtu yule. Anapoanza kuandika lazima aamue nafsi. Akiandika "ni-," ataeleza alichokihisi akiwa ndani ya mhusika. Akiandika "a-," itambidi atoke nje na kumtazama, na hapo ndipo uchambuzi huanza.

4.4 Tabaka la -nge-

Matabaka matatu ya juu ni ya mchezaji. La nne ni la mwandishi shabiki. Yeye huuliza: mhusika huyu angefanya nini lau asingalipewa amri ile? Angesema nini kwa mama yake? Viambishi -nge- na -ngali- vya masharti ndiyo mlango wa bunilizi ya shabiki. Lakini si mlango wa kupitisha kila kitu. Jibu la -nge- lazima litokane na ushahidi wa hu-, wa -ka- na wa ni-. Shabiki wa kweli hukasirika akisoma hadithi ambayo mhusika amefanya jambo lisilo lake, na hasira hiyo ni uhakiki: "Huyu asingesema hivyo." Mwanafunzi anayeweza kutoa sababu tatu za kauli hiyo amekwisha kuchambua mhusika kwa kiwango tunachokidai katika mtihani.

5.0 Mfano: Kijuju na majini yake

Kiswahili kimeingia katika michezo ya video ya dunia kwa milango tofauti. Mlango unaotajwa kwa fahari ni wimbo wa Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ulishinda tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuipata tuzo hiyo.

Mlango mwingine hautajwi sana katika hafla zetu. Machi 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, mchezo ambao, ni vizuri niseme wazi, haukutengenezwa kwa ajili ya watoto. Mahali pa kisa ni Kijuju, eneo la kubuni katika Afrika Magharibi. Wahusika wakuu ni Chris Redfield, Mmarekani, na Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Maadui wao ni wakazi wa mahali hapo, walioambukizwa kimelea kinachowanyang'anya hiari, nao wanaitwa Majini. Majini hawa hupiga kelele kwa Kiswahili. Tangu picha za kwanza za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007, palizuka mjadala mkali juu ya usawiri wa Waafrika kama umati wa kupigwa risasi. Mjadala huo ulijikita katika rangi, na ulistahili. Mimi nataka kuuongezea lugha.

5.1 Jina la mahali

Watengenezaji wa mchezo walilipa eneo lao jina lenye umbo la ki-. Kwa sikio letu, Kijuju husikika kama jina la lugha kuliko la nchi. Mzaliwa wa Songwe anajua kwamba Mnyiha hukaa Unyiha na husema Kinyiha, na kwamba Mndali hukaa Undali na husema Kindali. Kwa mfumo huu, Kijuju ni lugha, watu wake ni Wajuju, na nchi yao ni Ujuju. Mchezo umetaja lugha ukidhani umetaja nchi, kisha ukawanyima watu wake lugha hiyo na kuwapa Kiswahili, ambacho si lugha ya nyumbani ya Afrika Magharibi. Pengo hili lingeweza kuonekana kuwa kosa la kuchekesha tu. Kwa mwandishi shabiki ni swali: Kijuju kilikuwa lugha ya namna gani, na ni nani bado anakikumbuka?

5.2 Jina la watu

Neno jini limetoka katika Kiarabu, na wingi wake wa Kiswahili ni majini. Katika mchezo, neno Majini hutumika kwa mmoja na kwa wengi. Umoja umepotea. Yaani, kisarufi, hakuna jini mmoja ambaye mtu anaweza kukutana naye. Kuna kundi tu. Sidhani kwamba watengenezaji walikusudia hilo, lakini sarufi imesema kweli juu ya mchezo: hawa ni watu walionyimwa umoja.

Aidha, msemaji wa Kiswahili akikutana na neno majini peke yake anaweza kulielewa kwa namna mbili: wingi wa jini, au maji pamoja na kiambishi -ni cha mahali. "Majini wamo" na "majini mna samaki" hutenganishwa na upatanisho tu. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuuchezea utata huu, jambo ambalo mwandishi wa Kijapani au wa Kiingereza hana uwezo nalo.

5.3 Majina ya viumbe

Viumbe vingine vya mchezo vimepewa majina ya Kiswahili: Kipepeo, Bui Kichwa, Popokarimu. Kipepeo ni kiumbe cha kutisha kinachoruka. Mtoto wa Mbozi anayesikia neno hilo huona shamba la kahawa baada ya mvua. Katika Bui Kichwa, neno buibui limekatwa nusu. Popokarimu ni joka la popo lenye ukubwa wa nyumba, lakini jina lake linamsifu kwa ukarimu. Inaelekea maneno haya yalichaguliwa kwa mlio wake kuliko kwa maana. Lugha imetumika kama rangi ya ukutani.

Hapo ndipo msemaji wa Kiswahili anakuwa mchezaji wa pekee. Wachezaji wengi wa dunia husikia kelele. Yeye husikia maneno. Adui anapopaza sauti, kijana wa Tunduma anamwelewa, na papo hapo anambonyezea kitufe cha kumuua. Katika tabaka la ni-, yeye ni Chris au Sheva. Katika lugha, yeye ni ndugu wa yule anayeanguka. Sijui nafasi nyingine katika fasihi ambamo msomaji huwekwa pande mbili namna hiyo kwa wakati mmoja.

6.0 Mwenye toroli

Sasa narejea kwenye mswada wa mwaka 2012. Wakati ule nilisema wahusika si wa mwandishi. Tuutazame tena kwa matabaka tuliyoyaeleza.

Katika tabaka la hu-, jini wa mchezo hukimbilia mgeni, hushambulia, huanguka. Mwandishi aliyaheshimu mazoea hayo: mwenye toroli wake alishambulia na akaanguka. Katika tabaka la -ka-, wageni wawili waliingia, wakapiga, wakapita, na hilo pia halikubadilishwa. Mabadiliko yalikuwa mahali pamoja tu. Ni- iliondolewa kwa mwenye bunduki ikapewa mwenye toroli. Kutokana na hatua hiyo moja, kila kitu kilichokuwa wazi mbele ya skrini kilionekana kutoka upande wa pili.

Naikumbuka vyema sehemu moja. Kabla maradhi hayajamtawala, yule mwanamume anajitahidi kulishika jina lake. Analirudia huku akisukuma toroli: mara ya kwanza analitamka lote, mara ya pili anasahau sehemu ya mwisho, na mwishowe anabaki na silabi ya kwanza, Si-. Wakati ule niliona ni upungufu wa ufundi. Mtu wa Momba asingeona hivyo. Miongoni mwa Wanyamwanga, ambao wako pande zote mbili za mpaka, majina ya ukoo ya wanaume huanza kwa Si- na ya wanawake kwa Na-, kama vile Sinyangwe na Nanyangwe. Silabi ile moja ilikuwa imebakiza kwamba yeye ni mwanamume, na kwamba ana ukoo, ingawa ukoo wenyewe umemtoka. Zaidi ya hayo, kwa msomaji wa Kiswahili, si ni kikanushi. Mtu yule alikuwa anakufa huku akisema ukoo wake na kujikana kwa wakati mmoja.

Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu, nililisoma hilo nikaligeuza karatasi.

Katika mchezo, watu wa Kijuju wanaoanguka mmoja baada ya mwingine hawana majina. Mwanafunzi wa sekondari alikuwa amemuuliza mhusika wa kuazima swali ambalo watengenezaji hawakumuuliza: ulikuwa nani? Kwa kanuni niliyoitoa katika sehemu ya tatu, hadithi ile ilikuwa na haki ile ile iliyo nayo Mzimu wa Watu wa Kale. Kama Msa alilijibu swali la Zanzibar kwa mbinu ya London, mwenye toroli alilijibu swali la mpakani kwa mchezo wa Japani.

Si ajabu kwamba swali hilo lilitoka Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, zimeufanya mji huo kuwa mahali pa kupita. Hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa Oktoba 2019, mtu wa Tunduma bado huishi kwa lugha kadhaa kwa siku: Kinyamwanga au Kinyiha nyumbani, Kiswahili sokoni, Kibemba akivuka ng'ambo. Dereva anayepita humwona mbebaji. Hamuulizi jina. Kijana aliyekulia hapo anafahamu, kabla ya kushika mchezo wowote, jinsi mtu anavyokuwa sehemu ya mandhari katika safari ya mtu mwingine.

7.0 Mipaka

Nisieleweke kwamba kila hadithi ya shabiki ni fasihi bora. Nyingi ni dhaifu, kama zilivyo dhaifu hadithi nyingi ambazo wahusika wake ni wapya kabisa. Ziko zinazomrudia mhusika bila kumuuliza lolote, na hizo ndizo zinazostahili methali ya nguo ya kuazima.

Aidha, liko suala la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki juu ya kazi zinazotokana na kazi yake, na mwanafunzi anayetaka kuchapisha na kuuza anapaswa kulijua hilo. Muhammed Said Abdulla aliepuka tatizo hilo kwa kubadilisha jina, mahali na mazingira, na njia hiyo ingali wazi kwa yeyote. Hata hivyo, suala la nani auze ni tofauti na suala la nani amejifunza kuandika. Daftari la mwanafunzi si duka.

Mwisho, mwandishi anapaswa kutaja alikochukua. Uaminifu huo haupunguzi kitu. Msomaji akijua mwenye toroli ametoka mchezo gani, ataona vizuri zaidi umbali aliosafirishwa.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mhusika wa mchezo wa video anaweza kuchambuliwa kwa viambishi ambavyo kila mmoja wetu anavitumia: hu- ya mazoea, -li- na -ka- za kisa, ni- ya mchezaji, na -nge- ya mwandishi shabiki. Nawaomba wanafunzi waijaribu njia hii kwa michezo mingine, na waikosoe. Inawezekana kabisa kwamba iko haja ya tabaka la tano ambalo mimi, kwa umri wangu na kwa uzito wa vidole vyangu kwenye vitufe, sijaliona.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mwanafunzi akileta hadithi yenye mhusika mnayemjua kutoka mahali pengine, kabla ya kushika kalamu nyekundu, soma hadi mwisho na utafute swali jipya. Likikosekana, mwambie hivyo. Likiwapo, mwambie pia.

Mswada wa Tunduma sikuuhifadhi. Jina la mwandishi lilikuwa kwenye jalada la bahasha, na bahasha zilitupwa baada ya matokeo kutangazwa. Sikumbuki hata kama jina lilianza kwa Si- au kwa Na-.